Mtu wa Tano

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Huenda nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja kisiwani Mombasa hakuiwaza methali hiyo jioni ile ya Septemba 2019, alipoketi kivulini mwa mwarobaini akiwa na orodha ya wachezaji kumi na wawili wa mwaka uliotangulia; lakini ndiyo iliyomfaa. Watatu katika orodha hiyo walikuwa wamehitimu. Mmoja, mrefu kuliko wote, alikuwa amechukuliwa na klabu ya Nairobi. Mmoja alikuwa na goti lililovimba mithili ya nazi. Wawili karo ilikuwa imewafungia lango, na wengine wawili walikuwa wamepelekwa bara kwa mafunzo ya kazini. Nahodha alikata jina baada ya jina. Alipoitua kalamu, majina yaliyosalia yalikuwa matatu, lake likiwamo, na mchezo wa kwanza wa msimu ulikuwa umebakiza majuma matatu.

Mpira wa kikapu hauna masihara na hesabu. Kanuni za kimataifa zasema kwamba timu isiyokuwa na watu watano uwanjani, tayari kucheza, dakika 15 baada ya saa iliyopangwa, imekwisha kushindwa, alama 20 kwa 0, bila mpira kurushwa hewani. Lakini mchezo ukishaanza kanuni hizo hulegea kwa namna ya ajabu. Mchezaji akitimiza makosa matano hutoka asirudi, na kama hakuna wa kuishika nafasi yake, wenzake huendelea wanne, kisha watatu, hata wawili. Akibaki mmoja pekee ndipo mchezo hukatizwa. Yaani watano wahitajika kuufungua mlango, ila wawili watosha kukaa ndani. Basi mtu wa tano, hata awe hajui kudunda mpira, ana thamani ambayo haimo mikononi mwake wala miguuni. Thamani yake ni kuwapo.

Kule Marekani, ambako mwalimu James Naismith aliuasisi mchezo huu Desemba 1891, kuna jina maalumu la mwanafunzi anayeingia timu ya chuo bila kuitwa wala kufadhiliwa, yule aliyejiendea tu kwa miguu yake. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza la vyuo ilikuwa na nafasi 13 za ufadhili. Aliyekuja juu ya hao alijilipia karo, akakalia benchi, na siku za mazoezi akawa mti wa wenzake kujifunzia kupanda. Katika vyuo vyetu vingi mambo si hayo, kwani hata nyota wa timu hujilipia, na wakati mwingine hushindwa kulipa. Tofauti iliyopo ni ya kuitwa. Kijana wa Pwani akikaribia mita mbili huonwa mapema. Halmashauri ya Bandari ina timu zake za wanaume na za wanawake, zenye makao katika ukumbi wa Makande, majeshi yana zao, na mwenye bahati zaidi huvuka bahari. Vyuo vidogo hubaki na waliopo.

Waliopo, mwaka huo, walipatikana watatu. Wa kwanza alitoka Likoni, mlinda lango wa soka mwenye mikono mirefu na hasira za karibu. Wa pili alitoka Kisauni, mkimbiaji wa mbio fupi ambaye hakuwahi kuushika mpira mkubwa namna ile. Wa tatu alitoka Port Reitz, na huyo hakuwa na sifa yoyote ya michezo. Urefu wake ulikuwa sentimita 163, na kikapu, msomaji akumbuke, huning'inia mita 3.05 kutoka ardhini. Nahodha alimkuta bwaloni akila ugali kwa sukuma wiki, akamwuliza swali moja tu: kama ana raba. Alikuwa nazo.

Wenzao chuoni wakawapa jina, wajazaji. Halikuwa jina la chuki, wala halikuwa la heshima.

Port Reitz yenyewe ni mahali panapofaa kumzaa mjazaji, na hili lasemwa bila dharau. Jina hilo ni la Luteni John James Reitz, ofisa wa manowari ya Uingereza. Mwaka 1824 Mazrui wa Mombasa waliomba himaya ya Waingereza dhidi ya Sayyid Said wa Omani, na Nahodha William Owen akakubali kwa niaba ya serikali ambayo haikuwa imemtuma. Alimwacha Reitz mjini awe gavana, pamoja na kikundi cha watu wasiotosha hata kupiga makasia ya mashua kubwa, naye Owen akatweka tanga. Reitz hakuumaliza mwaka. Homa ilimwua, na James Emery akaishika nafasi yake hadi 1826, Waingereza walipoondoka kama walivyokuja. Hivyo hori lile la bahari, na mtaa unaolitazama, vimebeba kwa miaka mia mbili jina la mtu aliyeachwa kushika zamu. Leo wapitao huko huuendea uwanja wa ndege, au hospitali, au hufuata malori ya makontena yanayopanda kutoka Kipevu kuelekea Changamwe. Wachache husimama.

Babake kijana alikuwa kibarua wa makontena. Neno hilo lenyewe lina kisa ambacho wapenzi wa lugha wanakifahamu: kibarua, kwa asili, ni barua ndogo, kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi za siku ili siku zake zihesabiwe. Karatasi ikampa mtu jina, na mtu akalichukua. Asubuhi za ujana wake mzee yule alisimama langoni pamoja na mamia ya wengine, wakingoja msimamizi ahesabu vichwa. Genge lililopungukiwa halikuingia. "Siku nyingi," alizoea kusema, "sikuchukuliwa kwa nguvu zangu. Walikuwa kumi na saba, wakahitaji kumi na wanane, nami nikawa karibu." Agosti 2019, lilipotoka agizo kwamba shehena ya makontena iendayo bara isafirishwe kwa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, kazi za malori na za bohari zikalegea Changamwe nzima, na mzee akawa anakaa barazani mchana kutwa. Kijana alipomweleza kwamba amechukuliwa katika timu ya chuo, baba alimtazama toka utosini hadi nyayoni, akauliza, "Wamepungukiwa na wangapi?"

Ni swali ambalo kijana hakulipenda. Alitumaini, pengine, kwamba katika ukoo wao angalau mmoja angeitwa kwa sababu nyingine.

Fasihi ya Kiswahili haijamsaidia sana mtu wa aina yake. Sisi ni watu wa Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, jitu lile la Pate lachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, lapiga goti kisimani likiwa limeushika upinde, na wenyeji wakosa maji siku kadhaa kwa kuogopa maiti wakidhani yu hai. Anayetaka kujua jinsi mchezaji mrefu anavyofanya kazi chini ya kikapu asome sehemu hiyo. Hahitaji kufanya lolote. Asimame tu, na watu waogope kuteka. Upande wa pili tuna Sungura, mdogo ashindaye kwa hila. Lakini uwanja wa kikapu una waamuzi wawili au watatu, mistari iliyochorwa na saa inayohesabu, na hila nyingi za Sungura zingeadhibiwa kabla ya robo ya kwanza kwisha. Kati ya Liyongo na Sungura, mfupi asiye mjanja hana hadithi.

Wanamichezo nao wana hadithi yao, nayo huletwa kila inapotajwa habari ya wafupi: Muggsy Bogues, mwenye sentimita 160, aliyecheza ligi kuu ya Marekani toka 1987 hadi 2001, na ambaye mwaka 1993 aliuzuia mtupo wa Patrick Ewing mwenye sentimita 213. Kocha wa chuo, mhadhiri wa hisabati aliyebebeshwa kazi hiyo bila malipo, aliwasimulia wajazaji kisa hicho siku ya kwanza. Ni kisa cha kweli, na kwa hakika kinadanganya. Bogues alikuwa mmoja wa wachezaji wepesi kuliko wote wa zama zake. Ufupi wake ulikuwa kizuizi mbele ya kipaji kikubwa. Kumpa mfano huo kijana asiye na kipaji ni kumwambia kwamba tatizo lake ni moja, ilhali ni mawili.

Aliyewafaa ni nahodha. Huyu hakusimulia lolote. Aliwafundisha mambo manne, akayarudia kwa majuma matatu juu ya saruji iliyopasuka, jua likiwa bado kali. La kwanza: mpira ukitupwa, usiutazame mpira. Mtafute mrefu wako, mpe mgongo, kaa chini kama unayeketi kwenye kigoda, na makalio yako yamguse mapajani. Mtu hawezi kuruka iwapo magoti yake hayana nafasi ya kukunjika. Mpira utaanguka mahali, na hata usipouokota wewe, yeye hatauokota. La pili: mrefu akipokea mpira juu, mwache, kwa maana huko si kwako, ila wengi wao, kabla ya kutupa, huuteremsha hadi kiunoni, na chini ya kiuno ulimwengu ni wa wafupi. La tatu: anayekujia kwa kasi, mwahi, simama imara, mikono kifuani, upokee pigo. Ukiwa umekwisha kusimama, kosa ni lake. La nne lilikuwa la kupumua.

Lile la tatu ndilo lililompata kijana wa Port Reitz. Hakuwa na kasi, wala mkono wa kutupa, lakini alikuwa na subira ya kusimama njiani mwa kitu kikubwa kinachokuja. Mtu aliyekulia kando ya barabara ya malori huenda ana utaalamu fulani wa jambo hilo.

Siku ya mchezo, ulioandaliwa uwanjani mwao saa kumi alasiri, mmoja wa wale watatu wa zamani alipigiwa simu alfajiri akaenda Kaloleni kumzika bibi yake. Wakabaki watano kamili, wawili wa kuitwa na watatu wa kujaza. Saa kumi ilipotimia walikuwa wanne. Yule wa Likoni alikuwa katika feri. Kila mtu wa Mombasa anaijua sentensi hiyo, na anajua kwamba haina jibu. Wakati huo hata daraja la kuelea la Liwatoni halikuwa limejengwa. Mwamuzi alitazama saa yake. Wageni, waliokuja na wachezaji kumi na mmoja, walikuwa wakipasha miili moto kwa mistari miwili iliyonyooka, wakipokezana mpira bila kusema neno. Benchini mwao mtu aliuliza kwa sauti kama chuo kimeleta timu ya chekechea. Dakika ya tano. Dakika ya tisa. Nahodha alimwomba mtunza alama ayaandike majina matano, naye akayaandika, kwa kuwa kuandika hakukatazwi. Dakika ya kumi na mbili bodaboda iliingia kwa lango la nyuma, na aliyekuwa nyuma yake alishuka kabla haijasimama, tayari amevaa jezi.

Wangeshindwa, hilo lilijulikana. Kilichokuwa hatarini alasiri hiyo ni namna ya kushindwa: kwa karatasi, alama 20 kwa 0, au kwa miguu yao wenyewe.

Kijana alipewa kumlinda mchezaji wa kati wa wageni, kipande cha mtu kilichokaribia mita mbili, mpole wa sura. Hakukuwa na hekima yoyote katika mpango huo. Mrefu pekee wa wenyeji, ambaye naye hakuwa mrefu sana, alihitajika kwingineko, na nahodha ndiye aliyeweza kuupandisha mpira. Katika robo ya kwanza kipande kile cha mtu kilifunga alama kumi juu ya kichwa cha kijana, bila papara, mithili ya mtu anayepanga vyombo kabatini. Katika robo ya pili kilifunga nne. Mgongo ulikuwa umeanza kufanya kazi yake. Mara mbili mpira uliteremshwa kiunoni, na mara mbili mkono mfupi uliukuta huko. Kabla ya mapumziko jitu lilikimbia kutoka katikati ya uwanja, likapokea pasi, likageuka, na likamkuta kijana amesimama, mikono kifuani, macho yamefumbwa. Alianguka chali, akateleza juu ya saruji kiasi cha urefu wake mwenyewe. Filimbi ililia. Mwamuzi alionyesha upande wa pili.

Watazamaji, ambao walikuwa kama thelathini na wengi wao walikuwa wakingoja uwanja uwe wazi wacheze soka, walipiga makofi. Yule mpole alimwinua kwa mkono mmoja. "Wewe ni mgumu, ndugu yangu," alimwambia.

Robo ya tatu hasira za Likoni zilitimiza makosa matano, wakabaki wanne. Robo ya nne, zikiwa zimesalia dakika sita, nahodha alikosea mara ya tano, akatoka akiwa ameufunika uso kwa jezi. Kocha wa wageni alimwendea mwamuzi akauliza, kwa adabu, kama haingekuwa utu kuukatiza mchezo. Mwamuzi alijibu kwamba kanuni yaruhusu hata wawili. Akawageukia watatu waliobaki. Hawakusema kitu. Yule wa Kisauni alikuwa ameinama, mikono magotini, mate yakimdondoka; alinyoosha kidole gumba bila kuinua kichwa.

Dakika sita za watatu dhidi ya watano haziwezi kusimuliwa kama mchezo. Wageni walipunguza mwendo, na huruma hiyo iliuma kuliko kasi. Hata hivyo, kijana alipigwa mkononi akijaribu kutupa, akapelekwa kwenye mstari wa mitupo huru, mita 4.60 kutoka ubaoni. Hapo ndipo mahali pekee uwanjani ambapo urefu wa mwingine hauna neno nawe. Hakuna anayeruhusiwa kusimama mbele yako. Una sekunde tano, na wote wanakungoja. Mtupo wa kwanza uligonga ubao ukatoka nje. Wa pili uliingia. Ilikuwa alama yake pekee. Mchezo ulikwisha 61 kwa 38.

Walicheza michezo mingine miwili muhula huo, wakashindwa yote, ingawa ule wa mwisho kwa alama sita tu. Januari 2020 wanafunzi wapya waliingia, na miongoni mwao walikuwamo wanne waliolazimika kuinama mlangoni mwa bwalo. Orodha mpya ilibandikwa ubaoni karibu na ofisi ya michezo: majina kumi na mawili. Ya wajazaji hayakuwamo. Hakuna aliyewaita kuwaeleza, na pengine aliyeiandika hakuona kwamba kuna la kuelezwa, maana nafasi ikiisha kujaa mjazaji amekwisha kazi yake. Yule wa Likoni alitaka waende wakaulize. Yule wa Kisauni alicheka. Kijana wa Port Reitz aliifua jezi yake, iliyokuwa ya kimo cha mtu mwingine na kumfika karibu na magoti, akaipiga pasi, akaipeleka kwa nahodha. Katikati ya Machi vyuo vyote nchini vilifungwa kwa ajili ya Korona, na orodha ile mpya haikucheza hata mchezo mmoja. Lakini hilo halikumfurahisha mtu.

Nahodha, alipoipokea jezi, alibabaika. Alitaka kusema jambo, akafungua mkoba, akatoa karatasi ya njano iliyokunjwa mara nne: nakala ya karatasi ya alama ambayo hupewa timu iliyoshindwa. Ilikuwa ya ule mchezo wa watatu. "Chukua wewe," alisema. "Huku itapotea."

Baba aliisoma barazani, ameisogeza mbali na macho kama wasomavyo watu wa umri wake. Jina la ukoo lilikuwa limekosewa herufi moja. Mbele yake palikuwa na vyumba vitano vidogo vya makosa, vitatu vimejazwa, viwili vitupu, na kabla ya vyumba hivyo alama ndogo ya mkasi iliyozungushiwa duara.

"Hiki kiduara chamaanisha nini, mwanangu?"

"Huwekewa wale watano wanaoanza, baba. Anayeingia baadaye hupata mkasi mtupu."

Mzee aliitazama tena. Kisha aliingia ndani, akarudi na kopo la biskuti alimohifadhi kadi zake za kazi, zile za zamani zilizogongwa mihuri ya siku baada ya siku, akaikunja karatasi ile katika mikunjo yake ileile, akaitia humo.